Mbambara: kuotesha fensi hai kwenye shamba la chini na kuvuna utomvu wake bila kuua mti (mwongozo kamili)

Huku Moshi mwenye kihamba (shamba la nyumbani) juu mlimani hana shida na mpaka, anapanda masale, yale majani ya kijani ya kuweka mpakani, yanashika na jirani mwenye akili zake hayagusi. Shida inaanza ukishuka kwenye shamba la chini, tambarare ya Kahe, Himo kuelekea Holili, Mwanga kule, au Boma Ng'ombe kwenda upande wa KIA, uwanja wa ndege. Masale kule hayatoboi ukame, nguzo za miti zinaliwa na mchwa, na seng'enge bei yake mnaijua alafu ukishaifunga kuna watu wanaikata usiku wanaenda kuuza chuma chakavu. Sasa kuna mti uko hapohapo porini, unakata gongo lake unalichomeka ardhini linaota, ng'ombe hapiti, mvua isiponyesha unakaa tu unasubiri, na juu ya yote gome lake linatoa utomvu wenye harufu nzuri ya kufukiza. Ndo huo mbambara. Wamasai wanauita osilalei, kitaalamu ni Commiphora africana, ndugu wa damu kabisa wa mti unaotoa manemane, ambao ni Commiphora myrrha, na mti wa ubani nao (Boswellia) ni wa ukoo huohuo mkubwa.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: panda mbambara kwa ajili ya fensi, utomvu uje kama nyongeza. Najua kuna watu wakisikia neno manemane tu wanaanza kupiga hesabu za gunia. Manemane yenye soko kubwa duniani inatoka Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na ni ya huo myrrha, sio ya mbambara. Utomvu wa mbambara ni wa aina ile ambayo Biblia ya Kiswahili inaiita bedola, unanukia vizuri, una kazi zake, ila bei yake haifikii ya manemane. Anayepanda kwa tamaa ya utomvu atauchanja ukiwa mchanga, mti utadhoofika, na mwisho hana fensi wala utomvu. Anayepanda kwa ajili ya fensi anautunza, unanenepa, na huo mnene ndo unaotoa kitu cha maana.

Hatua ya kwanza: ujue mti wenyewe

Usikimbilie kukata. Kwenye vichaka vyetu vya ukanda mkavu jamii ya Commiphora ni nyingi sana, Mkomazi na Tarangire sehemu kubwa ya pori lake ni migunga na hawa Commiphora wamechanganyikana, na kiangazi yote imepukutika majani imekaa kama miti iliyokufa. Kwahiyo angalia vitu hivi kwa pamoja, usiangalie kimoja ukaridhika.

Gome la nje ni la kijivu na linabanduka lenyewe vipande vyembamba, ukikibandua kimoja chini yake unakuta rangi ya kijani. Hiyo kijani sio urembo, ndo inayoutengenezea mti chakula wakati hauna jani hata moja, na ndo sababu unavumilia miezi mingi ya ukame. Vitawi vinaishia kwenye mwiba, yaani ncha ya tawi yenyewe ndo mwiba, sio kama mgunga ambao miiba imepangwa pembeni ya tawi. Jani lina vipande vitatu, cha kati kikubwa na viwili vya pembeni vidogo, pembezoni lina meno meno na ukilipapasa lina vinyweleo. Maua ni madogo mekundu mekundu, yanatoka kabla ya majani, na matunda ni madogo ya rangi nyekundu iliyopauka. Alafu kucha: kwaruza gome kidogo unuse. Harufu inakuja hapohapo, na haina shaka.

Kuna ndugu yake Commiphora schimperi, anafanana naye sana ila jani lake halina vinyweleo, huyo ukimchanganya kwenye fensi hamna neno. Kuna mwingine Wamasai wanamwita oltemwai (Commiphora swynnertonii), utomvu wake kule Simanjiro wanapaka mifugo kufukuza kupe, na watafiti wa chuo kikuu cha Sokoine wameshauchunguza. Huyo ni dawa ya mifugo, usije ukaufukiza ndani ukidhani ni ubani.

La kuogopa kweli ni mnyaa. Umejaa kwenye fensi za huku kwetu, vijiti vya kijani vya duara, hauna miiba, karibu hauna majani, na ukiuvunja unatoa maziwa meupe mengi. Maziwa yale yakiingia machoni ni hatari kubwa, mtu anaweza kuumia vibaya kabisa. Kama unachokata kinatiririsha maziwa na hakina harufu ya uvumba, weka panga chini, nawa kwa maji mengi, huo sio mti wetu.

Hatua ya pili: kupata magongo, na kupata kihalali

Mahali pazuri kuliko pote ni kwenye fensi ya mtu ambaye tayari anao. Maboma mengi ya zamani upande wa Longido na Monduli na huku Same yana mbambara kwenye uzio, na mwenye fensi lazima aipunguze kila baada ya muda, nenda ukaongee nae kipindi hicho, atakupa au atakuuzia kwa bei ya kuelewana, na wewe unakuwa umemsaidia kazi. Ukichukua kwenye pori la kijiji onana kwanza na serikali ya kijiji. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuvuna chochote, na hifadhi za taifa usiguse hata kijiti. Hili la kibali mi nalikazia kwa sababu watu wanadhani mti wa porini hauna mwenyewe.

Muda wa kukata ni pale mti umepukutika na bado macho ya kuchipua hayajaanza kuvimba. Kwa hali ya hewa yetu ni mwishoni mwa Februari mpaka siku za kwanza za Machi ukisubiri masika, au Septemba mwishoni mpaka Oktoba ukisubiri vuli. Mi napendelea kabla ya masika, mvua yake ni ndefu kidogo na mizizi inapata muda. Ukikata wakati mti una majani umeshapoteza, ile akiba ya chakula imeshaenda kwenye majani na gongo linanyauka.

Chagua tawi lililonyooka, unene kuanzia kifundo cha mkono mpaka kigimbi cha mkono wa mtu mzima, yaani sentimita 5 mpaka 10 hivi, urefu mita moja na nusu mpaka mbili. Kuna sababu ya urefu huo. Mbuzi anapenda sana majani machanga ya mbambara, na gongo refu linachipua juu ambako mdomo wake haufiki kirahisi. Vijiti vyembamba vinakauka kabla ya kutoa mizizi. Tumia msumeno wa mkono kama unao, panga linapasua gome na kila mpasuko ni mlango wa kuoza. Chini kata mkato ulionyooka tu, juu kata mshazari, faida ni mbili, maji ya mvua hayatuami kwenye kidonda na pia hata kibarua wa siku ya kwanza hatachanganya juu na chini, maana gongo lisilo na majani likipandwa kichwa chini halioti.

Usimalize mti mmoja. Chukua matawi mawili matatu, nenda mwingine.

Hatua ya tatu: acha kidonda kikauke

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu tumezoea kwamba ukikata mche unaukimbiza ardhini ukiwa mbichi, na ukichelewa unautia kwenye ndoo ya maji. Mbambara hautaki hivyo. Ndani una maji mengi, ukiuzika na kidonda kibichi unaoza kuanzia chini na wewe unaona juu bado kijani unadhani mambo mazuri. Yasimamishe magongo kivulini, yakiwa yameegemezwa ukutani au kwenye mti, mahali pana hewa, siku tano mpaka wiki moja. Kidonda cha chini kitakauka na utomvu utakiziba. Yakikaa hata wiki mbili bado yako salama. Usiyalaze juani, usiyafunike na turubai, na usiyaweke kwenye maji.

Kama unayasafirisha kwa kenta au kwa bodaboda tandika majani makavu chini, gome likichubuka sana njiani umeshajiletea ugonjwa.

Hatua ya nne: kupanda

Piga hesabu kwanza ujue unahitaji magongo mangapi. Chukua eka yetu ya kawaida, hatua 70 kwa 70, mzunguko wake ni kama mita 256. Ukitaka ukuta wa kuzuia hata mbuzi unaweka gongo kila sentimita 40, hapo unahitaji kama 640. Ukitaka nguzo hai tu za kuja kubeba waya baadae unaweka kila mita 2, unahitaji kama 128. Watu wengi wanaanza na upande mmoja, ule wa barabara au wa njia ya mifugo, alafu miaka inayofuata wanakata magongo kwenye fensi yao wenyewe wanamalizia pande zilizobaki, na kwa kweli hiyo ndo njia ya mtu asiye na hela nyingi.

Udongo: mbambara unakubali mchanga, changarawe, mawe, udongo mwekundu, karibu kila kitu isipokuwa maji yaliyotuama. Kama shamba lako liko jirani na majaruba ya mpunga, kwa mfano kule kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, upande unaopakana na mfereji usiupande huu mti. Na ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, hapo inua tuta kwanza upande juu ya tuta. Juu milimani, Kibosho au Marangu kwenye migomba, usihangaike, mvua ni nyingi mno kwake.

Chimba shimo kwa mtaimbo kina cha sentimita 40 mpaka 50. Usiligongelee gongo kwa nyundo au jiwe, linapasuka juu na kuchubuka chini. Liingize taratibu, rudisha udongo kidogo kidogo huku unashindilia na kijiti mpaka lisitingishike, alafu inua kilima kidogo cha udongo kuzunguka shina ili maji yakimbie. Mbolea usiweke, hasa samadi mbichi, inaozesha na kuita mchwa. Maji pia usimwagie siku ya kupanda kama mvua iko karibu. Najua mkono unawasha, mtu amezoea kupanda na kumwagilia, lakini subiri mvua ifanye kazi yake.

Mbegu zinawezekana pia ila ni safari ndefu, na kwa fensi sioni sababu.

Hatua ya tano: mwaka wa kwanza

Mvua za kwanza zikinyesha magongo yatachipua na utafurahi. Furaha hiyo iweke akiba. Gongo linaweza kutoa majani kwa kutumia chakula kilichokuwa ndani yake huku chini hakuna mzizi hata mmoja, alafu kiangazi kikifika linakufa. Kwahiyo usihesabu yaliyoshika mpaka yamepita kiangazi kizima na kuchipua tena mvua zinazofuata. Na usiwe unayavuta kujaribu kama yameshika, mizizi michanga inakatika kirahisi sana na hiyo habari umeitafuta kwa kuliua gongo lenyewe. Kwaruza gome kidogo kwa kucha juu, likiwa kijani na bichi lina uhai, likiwa la kahawia na kavu shuka chini kidogo ukwaruze tena, wakati mwingine juu limekufa na chini ni zima, hapo unakata sehemu iliyokufa linachipua upya.

Yatakayokufa yatakuwepo, weka akiba ya magongo ya kuziba mapengo msimu unaofuata.

Mbuzi: kata matawi ya mgunga yenye miiba uyalaze mguuni mwa fensi upande wa nje, yanazuia mwaka huo wa kwanza na yakioza fensi imeshasimama. Mchwa: wanakuja zaidi kwenye gongo ambalo tayari lina sehemu iliyokufa, watu wanazungushia majivu ya jikoni na inasaidia kiasi, ila dawa kubwa ni kupanda gongo zima lisilochubuka. Moto ndo adui mkubwa kuliko wote. Gome lake ni jembamba, moto wa majani wa dakika chache tu unatosha kuua safu nzima, kwahiyo kabla ya kiangazi fyeka ukanda wa mita mbili kila upande na umwambie jirani anayechoma mabaki ya mahindi akupe taarifa kabla.

Na kama unakaa njia ya tembo, tuseme upande wa West Kilimanjaro au jirani na Mkomazi, fensi hii usiitegemee kuzuia tembo maana ni chakula chao. Pale Tsavo ng'ambo ya mpaka, miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, tembo walifyeka vichaka vya Commiphora maeneo makubwa sana.

Hatua ya sita: kuifunga iwe fensi kweli

Kuanzia mwaka wa pili matawi ya pembeni yanakuwa marefu. Yakiwa bado laini yapinde kulala, uyapitishe katikati ya magongo ya jirani na kuyafunga kwa kamba ya katani (katani tunayo hapahapa, usinunue nailoni, inakata gome mti ukinenepa). Fito mbili za kulala, moja usawa wa goti na moja usawa wa kiuno, zinasaidia kushikilia. Kila kiangazi, mti ukiwa umepukutika, kata juu usawa wa mita moja na nusu, hapo unapata fensi nzito chini na magongo mapya ya kupanda au kumgawia mwingine.

Wa nguzo hai wanaotaka kuvuta waya wasubiri mizizi ishike, miaka miwili angalau. Misumari usipige. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, zungushia shina, alafu waya upite juu ya mpira, na kila mwaka unalegeza kidogo.

Sasa kitu ambacho ningependa kila mtu akifanye siku ileile ya kupanda: kila baada ya hatua kumi au kumi na tano teua gongo moja ambalo hutalikata juu kamwe. Liache lipande lenyewe liwe mti. Fensi inayokatwa kila mwaka nguvu yake yote inaenda kwenye machipukizi, shina halinenepi, na utomvu wake ni wa kuokota chembe. Miti hiyo uliyoiacha ndo itakuwa miti yako ya utomvu, inakupa kivuli cha mifugo pia, na matawi yake yanafaa kwa magongo ya baadae.

Hatua ya saba: utomvu

Elewa kwanza mti unautoa kwa nini. Ndani ya gome kuna vijimfereji vyenye utomvu, na mti ukijeruhiwa, iwe ni mdudu ametoboa, tawi limevunjika au wewe umechanja, unausukuma nje kuziba kidonda na kuzuia wadudu na vimelea. Utomvu wenyewe ni mchanganyiko wa vitu vitatu, gundi inayoyeyuka kwenye maji, ulimbo usioyeyuka kwenye maji ila unayeyuka kwenye spiriti, na mafuta mepesi ambayo ndo harufu. Vyote mti umevitengeneza kwa jasho lake kwenye mazingira magumu. Kila tone unalochukua ni bandeji umeibandua, na mti lazima utengeneze nyingine.

Njia ya kwanza, na mi ndo naipenda, ni kuokota. Kiangazi kikali pita kwenye miti mikubwa asubuhi, angalia kwenye panda za matawi, kwenye nyufa za gome, kwenye matundu ya wadudu na pale ulipokata matawi. Utakuta madonge yameganda, mengine ya njano yanapitisha mwanga, mengine ya kahawia. Likikatika kwa kidole bila kuvutika limeiva, likinata liache wiki nyingine. Hujaujeruhi mti, umechukua kilichozidi. Miti ya kutosha kwenye fensi ya eka itakupa utomvu wa kufukiza nyumbani na wa kugawia ndugu, na kwa familia nyingi hiyo inatosha kabisa.

Njia ya pili ni kuchanja, na masharti yake ni haya. Mti ambao shina lake unaweza kulizungushia viganja viwili vikakutana usiuguse, bado mchanga. Chanja kipindi cha joto na ukame tu, Januari mpaka katikati ya Februari, au Septemba, mvua ikinyesha utomvu unaoshwa na kidonda kinaoza. Tumia kisu kikali kilichopitishwa kwenye moto au kufutwa kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine. Unaondoa kipande kidogo cha gome, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kina cha gome tu. Ukiona mbao nyeupe umepitiliza. Alama mbili au tatu kwa mti mzima, pande tofauti na kwa urefu tofauti, kamwe usiziunganishe kuzunguka shina maana chakula kinachoshuka kwenda kwenye mizizi kinapita kwenye gome na ukilikata mduara mzima umeua mti. Rudi baada ya wiki mbili, kwangua kilichoganda kwa upande butu wa kisu, na hapo kama mti una afya unaweza kufungua upya alama ileile kidogo, sio kufungua mpya. Mara mbili au tatu kwa msimu, alafu unauacha. Mwaka unaofuata upumzike kabisa, unahamia kwenye miti mingine ya fensi.

Dalili za kuacha mara moja: mvua zimekuja na mti umechelewa kuchipua kuliko wenzake, matawi ya juu yanakauka, kidonda hakifungi pembezoni, au wadudu wameanza kutoa unga wa mbao kwenye alama zako.

Watu wakiniona nabana sana kwenye hili nawaambia habari za India. Kuna ndugu wa mbambara kule, Commiphora wightii, utomvu wake ni dawa maarufu ya asili inaitwa guggul, na soko lilipopanda watu wakauchanja kwa fujo, wengine wanapaka dawa kwenye kidonda ili utoke mwingi kwa mara moja na mti unakufa baada ya hapo. Leo hii uko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kama mti ulio hatarini kabisa kutoweka. Ethiopia nako misitu ya ubani wa Boswellia papyrifera sehemu nyingi ina wazee watupu, miche michanga haipo, kwa sababu ya kuchanja kupita kiasi, moto na mifugo. Sisi tuna nafasi ya kuanza vizuri kwa sababu miti tunaipanda wenyewe na iko mbele ya macho yetu.

Kusafisha na kutunza

Ukifika nyumbani tandaza kwenye ungo kivulini, siku kadhaa mpaka madonge yagongane yakitoa mlio mkavu. Jua kali linafukuza harufu na kuyayeyusha yakashikana. Toa vipande vya gome, mchanga na wadudu kwa mkono. Usioshe kwa maji, ile gundi itayeyuka upate uji. Tenga mafungu: safi yanayopitisha mwanga, ya kahawia safi, na yaliyochanganyika na magome. Hifadhi kwenye kopo la bati au chupa ya kioo yenye mfuniko, mahali pakavu, mfuko wa plastiki kwenye joto la huku unanata nayo. Andika juu mwezi, mwaka, na ni mti wa upande gani wa shamba. Ukiona ukungu hukukausha vya kutosha.

Kutumia

Kwenye chetezo weka kaa moja lililoshika vizuri lisilo na moshi wake, subiri lipate jivu jeupe juu, alafu weka chembe ya ukubwa wa punje ya maharage, sio zaidi. Ukiweka nyingi inaungua badala ya kufuka na harufu inakuwa kali ya lami. Harufu ya mbambara imetulia, ina uchungu kidogo na utamu kwa mbali, inakaa vizuri ikichanganywa na ubani wa dukani au kipande cha udi, na nguo zikifukiziwa zinashika. Fungua dirisha. Chumba chenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu usifukize kabisa. Wazee wana matumizi ya kunywa na ya vidonda, hayo siyaandikii vipimo hapa, na mama mjamzito asinywe utomvu wa jamii hii kwa hali yoyote. Yale madonge machafu yenye magome yana kazi pia, wafugaji wanayachoma jioni karibu na zizi kupunguza wadudu.

Ukitaka kuuza

Uza kwa jina lake. Usiupeleke sokoni ukauita manemane, sio tu kwamba ni kumdanganya mtu, ila mnunuzi anayejua atakataa mzigo wote na hatarudi tena kwa mtu wa huku. Wanunuzi wakubwa wanauliza kwanza jina la kitaalamu la mti, kwahiyo kausha tawi lenye majani, lenye maua na lenye matunda katikati ya magazeti, uwe nayo kama ushahidi, na ikiwezekana mwonyeshe afisa misitu wa wilaya akuthibitishie. Usichanganye utomvu wa mbambara na wa oltemwai au wa schimperi kwenye kopo moja, hata kama umepungukiwa uzito.

Kwa mtu mwenye fensi ya eka moja soko la kweli ni la hapahapa, wauza ubani na udi, wauza dawa za asili kwenye masoko ya Mbuyuni Moshi au Kilombero Arusha, watu wa makanisani na wanaofukiza nyumbani. Pima kwenye vikopo vidogo, fungu safi peke yake. Mkikusanyika wenye fensi kumi au zaidi, mkawa na utaratibu mmoja wa kuchanja na kupumzisha miti na daftari moja la nani kavuna mti gani lini, hapo ndo mnaweza kuongea na mnunuzi wa mbali. Na kabla mzigo haujapanda gari kuvuka wilaya pitieni ofisi ya misitu mkaulizie hati ya kusafirishia mazao ya misitu, pamoja na barua ya kijiji kwamba miti ni ya kupandwa kwenye mashamba yenu.